Chembe Nyeupe Zilizobaki

Alhamisi, 6 Februari

Dada yangu,

Sauti iliyonibakia ni ya kitana kikigonga saruji. Si kelele za wateja wako, wala mama alivyoita jina la Mungu. Kitana tu, kile chenye mpini mwembamba, kilipokuponyoka na kugonga sakafu ya saluni mara moja. Wewe mwenyewe ulianguka bila sauti, kama kanga inayoteleza kwenye kamba. Ndiyo maana sote tulitazama kitana kwanza.

Sijui kwa nini naanza na hili. Labda kwa sababu kwenye simu sipati nafasi: unanichekesha mpaka salio linakwisha, na nikishakata nagundua sijajua hata kama umekula. Sasa mama ametumbukiza simu yake kwenye ndoo ya kufulia, na yako wameizuia huko chumbani, tumebaki na dereva wa gari la damu. Anakuja huko kila Jumanne na Ijumaa na masanduku yetu ya baridi. Amekubali. "Barua haina uzito," kasema, "ila isinukie marashi, maana mke wangu hukagua gari." Jibu lako umpe mkononi.

Kabla hawajakuhamishia huko uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, na kabla sijajibu ukamwambia mteja kuwa mimi ni daktari. Mimi si daktari. Mimi ni mhesabuji.

Damu ikitoka kwa mchangiaji, ndani yake mna chembe nyekundu, ambazo ndizo unazohitaji, na chembe nyeupe, ambazo huzihitaji. Nyeupe ni askari. Wako wakiwa kwako ni walinzi. Wa mtu mwingine wakiingia kwako wanakuwa wavamizi. Kwa hiyo tunautundika mfuko juu, damu inashuka kwa uzito wake kupitia kwenye chujio, inaingia mfuko wa chini. Chujio linawashika askari karibu wote. Hiyo "karibu" ndiyo kazi yangu. Natoa tone, naua nyekundu kwa dawa, natia rangi ya zambarau, naweka chini ya hadubini na kuhesabu nyeupe zilizobaki. Mfuko mzima ukiwa na chini ya milioni tano tunauita safi.

Kwa wagonjwa wengi zikizidi kidogo ni homa ya siku moja. Kwako, ambaye uboho umeacha kutengeneza damu, sivyo. Daktari wako alinieleza siku aliyokuta uboho wangu unalingana na wako: kila askari mgeni anayeingia anaufundisha mwili wako kukataa wageni, na siku ukiletewa uboho wangu, nao utakuwa mgeni. Ndiyo maana hata damu yangu hawataki uipate. Tumenyonya ziwa moja, na siruhusiwi kukupa hata kijiko. Lililobaki mikononi mwangu ni kuhesabu.

Una mfuko kesho. Niandikie uliupokeaje.

Mdogo wako.


Jumatatu, 10 Februari

Hadubini, mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Nilimwambia mama zamani kuwa kitindamimba huyu akizidi kusoma adabu itampungua.

Hapa nina chumba chenye kitanda, kiti cha mama, sinki, na dirisha lisilofunguka. Kila anayeingia ananawa mpaka kiwiko, hata mfagiaji. Sista wa mchana ana nywele nzuri, nene, za kuonea wivu, ila amesukwa na adui yake. Akiinama kunipima mapigo naona mistari ya kichwa imepinda kama njia ya mbuzi. Vidole vinaniwasha, walahi. Nimemwahidi nikitoka namfumua bure, nisipofanya hivyo sitalala kwa amani.

Nimesoma habari ya askari, nikamsomea na mama. Mama kauliza wanabaki wangapi. Nikamwambia milioni tano. Kanitazama. Nami nakuuliza wewe msomi: milioni tano ndiyo safi? Mimi nikimtoa mtoto chawa, wakabaki milioni tano, mama yake si ataniburuza polisi?

Mfuko wa Ijumaa umeingia vizuri. Nililala, nilikula nusu sahani, nilimtukana mama kidogo akafurahi.

Halafu kubwa ni hili: daktari kaja na tarehe. Chumba cha kuwekea uboho kipo kimoja tu na foleni yake ndefu, lakini zamu yangu imefika: tarehe tatu mwezi wa tatu. Kwanza wataua uboho wangu wote kwa dawa, halafu wakutoboe wewe nyonga, waninyweshe wako kwa mshipa. Nyuma yangu yupo bwana mmoja, baba wa watoto wanne, anapita koridoni na barakoa akinisalimia kama mpangaji anayengoja nihame.

Unaogopa? Sema kweli. Sindano ya shule ulikuwa huikubali mpaka nichomwe mimi kwanza.

Dada yako,
Msusi (niko likizo).


Alhamisi, 13 Februari

Shikamoo dada,

Hesabu ya mfuko wako imetoka: sifuri. Na ule wa wiki iliyotangulia pia ulikuwa sifuri. Mwambie mama asahau zile milioni tano, hicho ni kikomo cha sheria tu. Kwako sikuona hata moja.

Nitakwambia ninavyofanya, ili ukilala ujue kuna mtu. Sheria inasema kila tukifungua katoni mpya ya machujio tuchague mifuko michache, yoyote, bila kutazama ni ya nani, tupime kama machujio yanafanya kazi. Mimi huchagua wako. Kundi lako ni adimu, kwa hiyo mfuko wako huandikwa jina tangu huku kwetu, naujua ulipo kama ninavyojua kandambili zangu. Katoni hii tuliifungua mwisho wa Januari, na mifuko iliyoisemea ni yako.

Na sikuhesabu haraka. Alhamisi tunachuja, Ijumaa mifuko inaondoka, na siku hizo mbili maabara huwa kama soko la samaki. Mashine ya kuzungusha inanguruma, mzee wa stoo ana redio yake, mkuu wa maabara anaita watu kwa majina ya wanyama. Za wengine, zinazosemea katoni nyingine, nazihesabu humo humo. Tone lako naliweka kwenye friji mpaka Jumatatu asubuhi, kabla hawajaja. Naliweka kwenye kioo cha mistari, nakifunika ndani ya kisahani chenye pamba mbichi lisikauke, nangoja chembe zitulie chini, ndipo naangalia mstari kwa mstari. Nikimaliza narudia tena. Inakuwa kama tumekaa wawili.

Sasa nijibu hili. Dereva anasema Ijumaa, baada ya kungoja masanduku matupu hadi alasiri, alipanda kukuletea barua akakukuta umefunikwa blanketi mbili na mama amekukandamiza miguu. Ijumaa ile joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa. Kulikuwa na nini?

Uliuliza kama naogopa. Sindano siiogopi. Ninachoogopa ni kukataliwa. Usiku nafikiria uboho wangu umeingia kwako na mwili wako unaufungia mlango.

Mdogo wako.


Jumapili, 16 Februari

Hadubini,

Dereva wetu atazame barabara. Nilikuwa nimejifunika kwa sababu ya feni. Mama alikuwa ananikanda miguu, kazi ambayo alipaswa kuianza tangu nilipoanza kusimama kutwa kusuka vichwa vya watu. Ndiyo habari yote. Mwambie dereva akitaka umbea aje saluni, tutamkaribisha na kiti.

Mfuko wa juzi nao umeingia. Niko salama.

Ila nimeisoma barua yako mara ya pili, na sikuipenda mwisho wake. Mtu anayesema naogopa kukataliwa mara nyingi ndiye anayetafuta namna ya kukataa. Nani akukatae? Mimi? Mimi niliyekusuka nywele kila Jumapili kwa miaka yote ile huku ukilia kamasi zikinidondokea mapajani? Kama hutaki kutobolewa niambie hivyo hivyo, nitakuelewa. Ni nyonga zako. Usinizungushe na maneno ya kitabuni, mimi siyajui.

Halafu hiyo ya kunihesabu Jumatatu peke yako sijui inifurahishe au initishe. Mchumba wa mtu hafanyi hivyo. Tafuta mchumba.

Msusi.


Jumatatu, 17 Februari

Mwanangu,

Nimempa dereva hii mbali na ya dada yako. Asijue.

Mimi si mwandishi, nitasema tu. Mifuko mitatu ya mwisho imemtetemesha. Damu ikishafika nusu meno yanaanza kugongana, mwili unawaka, halafu jasho. Kitanda kinalia. Mara zote tatu. Mfuko wa juzi ndio ulizidi.

Hataki waambiwe. Anaomba vidonge vya maumivu kabla ya mfuko, anasema kichwa kinamuuma, ili homa isionekane wakimpima. Ikianza kutetemeka ananiambia nifunge mlango nimlalie miguuni. Sista akija anajifanya amelala. Anasema wakijua watamtoa kwenye tarehe yake. Ameniapisha. Nikaapa, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kumngoja huyo wa kumuumbua mwanangu. Wewe umesoma mambo ya damu. Damu mnayomletea ni nzuri?

Mama yako.


Alhamisi, 20 Februari

Dada,

Mama ameniambia. Usimgombeze. Kama ni kugombeza anza na mimi, na kabla ya kunigombeza soma mpaka chini.

Nilipomaliza barua ya mama Jumanne sikukaa. Nilikwenda kwenye rafu, nikachukua mifuko miwili ya dharura iliyochujwa asubuhi ile kwa katoni ile ile, nikatoa matone, nikayahesabu saa ile ile, redio ikiwa inaimba na mkuu akiita watu punda. Kioo kilijaa. Dada, sijawahi kuona kioo cha damu iliyochujwa kikiwa vile. Zambarau kila mstari, zimelaliana. Nilidhani nimekosea mfuko. Nikachukua mwingine. Vilevile.

Ndipo nikajiuliza zile sifuri zako zilitoka wapi.

Chembe nyeupe hazidumu. Damu ikishatoka kwa mwenyewe na kukaa, zinaanza kupasuka na kuyeyuka. Zinatakiwa kuhesabiwa zikiwa mbichi, ndani ya siku moja. Ukichelewa, kioo kitakuwa kitupu hata kama mfuko ulijaa. Kila mtu katika kazi yetu analijua hili. Mimi huwafundisha wanaokuja mafunzoni, huwaambia, "Anayehesabu damu iliyolala anahesabu makaburi yaliyofutika." Nilikuwa najiona nimesema neno. Kisha za wengine nikazihesabu Ijumaa, kwenye kelele, na zako nikazilaza mpaka Jumatatu kwa sababu nilitaka utulivu. Nilitaka zako zipate macho yangu mazuri. Na kwa kuwa nilikuwa nimekuchagua wewe uisemee katoni, katoni nzima ilipita kwa sifuri zako. Askari walikuwamo. Walikuwa wameshapasuka nilipofika, lakini siyo ndani yako. Ndani yako waliingia wazima.

Nimemwambia mkuu. Sikumficha kitu, hata ile ya kuchagua mfuko wako. Hakuniita mnyama yeyote, alisema tu, "Katoni inatoka leo." Imetoka. Hospitali zote zilizopokea zimeandikiwa zirudishe mifuko iliyobaki. Lakini nilipomwambia aandike pia kwamba sifuri zangu si sifuri, alitikisa kichwa. "Ya nyuma yameshatiwa mishipani, mwanangu. Ukiwatangazia utawatia watu hofu bila dawa. Machujio mabovu tumeyatoa, yatosha." Kwa hiyo kwenye taarifa aliyoipata daktari wako, mifuko yako bado inasomeka safi. Mtu wa pekee katika katoni nzima ambaye anaonekana amenusurika ni wewe.

Mfuko wa kesho ni salama. Nimeuchuja kwa chujio lililosalia katika katoni ya zamani, na nimehesabu leo. Niliona tatu. Sijapata kufurahia chembe maishani kama hizo tatu.

Sasa nakuomba. Mwambie daktari kuhusu kutetemeka. Mwili ni wako, ulimi ni wako, sitaki kukutangulia. Kuna kipimo cha kuangalia kama kinga yako imeshajifunza kukataa. Akijua atapima. Asipojua atakuandaa kama mtu ambaye hajawahi kuguswa na mgeni. Na wewe unaona mwenyewe kinachofuata: wataua uboho wako, wataweka wangu, na kama mwili ukiufukuza wangu utabaki huna wako wala wangu. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa. Si sindano. Ninatamani wanitoboe hata leo.

Mdogo wako.


Jumamosi, 22 Februari

Mdogo wangu,

Leo sina mzaha.

Jana daktari alikuja na ile karatasi ya kwenu. Alikaa kitandani, jambo ambalo hafanyi. Akaniambia kuna machujio yaliyoharibika, wagonjwa kadhaa walipata damu isiyo safi, lakini ametazama mifuko yangu yote imesomwa sifuri, nina bahati ya mtende. Halafu kwa kuhakikisha tu akaniuliza, "Umewahi kupata homa au kutetemeka?" Mama alikuwa anakunja nguo. Nikasema sijawahi. Mama akaendelea kukunja ile ile nguo moja mpaka daktari akatoka.

Kwa hiyo nimeshasema. Ulitaka niseme, nimesema hivyo.

Sasa nisikilize, kwa sababu wewe unafikiri sielewi. Naelewa. Nimekaa hapa wiki nyingi, nimeona. Akijua atapima. Kipimo kinapelekwa mbali, majibu ni wiki kadhaa. Chumba hakikai kitupu kunisubiri, ataingia yule bwana wa watoto wanne, na akishaingia ni miezi. Wewe unahesabu chembe. Mimi nahesabu meno yanayotoka damu nikipiga mswaki. Jana yalikuwa matano. Ufizi ukianza kuvuja hivyo, na michubuko inakuja bila kuguswa, huyo mtu hana miezi, Hadubini. Mbele yangu kwenye foleni, chumba cha pili, alikuwapo binti mmoja aliyeambiwa asubiri kidogo. Alikuwa ananiomba nimsuke. Nikamwambia tukitoka. Kitanda chake kimebadilishwa shuka mara mbili tangu hapo.

Labda mwili wangu umejifunza kukataa, labda haujajifunza. Wewe hujui na daktari hajui. Mimi nataka kuingia na labda yangu mkononi. Nikifa ndani ya kile chumba, nimekufa nikiwa nimejaribu. Sitaki kufia kwenye foleni.

Nilikusema vibaya kuhusu nyonga. Nisamehe. Najua ungejitoboa kwa sindano ya kushonea magunia kama ingefaa.

Lakini hujawahi kuniona nikikuomba kitu. Tangu baba afariki nimekuwa natoa mimi. Leo naomba, na ninachoomba hakikugharimu hata hatua moja. Nyamaza. Hizo sifuri ziache zilivyo, umekwishaziandika. Mama nimemalizana naye. Umebaki wewe.

Na kuhusu kunihesabu Jumatatu, sina kinyongo. Ulitaka kunipenda kwa utulivu. Wengine hawapati hata wa kuwapenda kwa fujo.

Dada yako.


Ijumaa, 28 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako niliipata Jumanne jioni. Jumatano sikwenda kazini. Nililala nikiwa na viatu, nikatazama dari, nikawa nakubaliana nawe. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Siku nzima ya Jumatano nilikuwa upande wako. Kila nilipotafuta kosa kwenye maneno yako sikulipata. Ni kweli chumba hakikai kitupu. Ni kweli hujui, nami sijui. Nilijiona tayari nimenyamaza, na nikaona jinsi ilivyo rahisi. Ilikuwa ni kuendelea tu kulala.

Jana nilichuja mfuko wako. Nikatoa tone, nikaliweka kwenye kioo, nikalifunika, nikakaa kungoja chembe zitulie. Mzee wa stoo akaja, akazima redio yake mwenyewe, akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikamjibu, "Anangoja tarehe tatu." Akasema, "Mungu amfikishe." Nikasema amina. Na hapo ndipo nilipojisikia. Nilikuwa naomba ufike mahali ambapo mimi, peke yangu kati ya watu wote waliokuwa wanakuombea, najua huenda hapana sakafu.

Labda yako unaizungumza kama ni kitu kimoja unachokishika mkononi. Lakini labda yako nimeigusa mimi. Niliona kile kioo. Nikazidisha ile hesabu kwa mfuko mzima, nikazidisha kwa mifuko mitatu. Sitakuandikia jumla, si kwa kukuficha. Ni kwamba niliiandika mara mbili, nikaichana. Mtu aliyetetemeka mara tatu, na kila mara kuzidi ya kwanza, mwili wake unajifunza haraka. Bado nasema labda. Ila pande mbili za labda hii hazilingani, na daktari anakuandaa kana kwamba zinalingana, kwa sababu ya karatasi niliyoijaza mimi.

Unasema ukifia chumbani umekufa ukijaribu. Dada, hutakuwa umejaribu. Utakuwa umepewa dawa ya mtu mwingine, mtu wa kwenye karatasi, yule mwenye sifuri. Wewe mwenyewe hakuna atakayekuwa amekujaribu.

Asubuhi ya leo nilipanda gari la damu. Dereva hakuniuliza kitu njia nzima, alisema mara moja tu, "Ukitaka kulia lia, mimi nina jua machoni, sioni." Sikulia. Tuliingiza masanduku kwa mlango wa nyuma, mfuko wako ukiwa ndani. Niliuhesabu jana ile ile nilipouchuja. Ulikuwa na mbili.

Nilipanda mpaka ghorofa yenu. Nilinawa mpaka kiwiko. Nikasimama mlangoni pako, kwenye kile kioo kidogo. Ulikuwa umelala ubavu umenipa mgongo, na mama alikuwa amekaa na mkono wake juu ya unyayo wako, nje ya shuka. Ameniona. Hakuinuka, hakuniashiria niingie. Alinitazama muda mrefu, halafu akainamisha kichwa, kama mtu anayepokea mzigo au anayeutua, sikuweza kujua. Sikuingia. Ungefumbua macho ukaniita Hadubini, ningerudi nyumbani na mdomo uliofungwa.

Nilikwenda kwa daktari.

Nilimwambia damu yako niliilaza kabla ya kuihesabu, na kwa nini niliilaza. Nilimwambia sifuri zote tatu azifute. Nilimwambia kuhusu vidonge vya kabla ya mfuko, na mlango, na mama juu ya miguu yako, na kwamba ulipomjibu hujawahi ulikuwa unaogopa foleni. Yale uliyoniomba nisiyaseme niliyasema kwa mpangilio, kama mtu anayesoma. Alivua miwani. Hakunigombeza, na nilikuwa nimekuja nikitegemea angalau hilo. Aliniuliza, "Yeye anajua kama umekuja?" Nikasema hajui.

Damu ya kipimo wataichukua leo mchana. Ikionekana kinga imeamka, atabadilisha dawa za kukuandaa, ziwe kali zaidi na za muda mrefu. Amesema inawezekana, hakusema itafaa. Nilimuuliza kuhusu foleni. Akasema atafanya anachoweza, kwa ile sauti wanayoitumia. Nilimuuliza kuhusu ufizi. Akauliza, "Ufizi gani?" Nikamwambia na hilo pia. Ataongeza chembe za kugandisha damu kuanzia leo.

Nimeomba ruhusa kazini, na mkuu amenipa bila kuuliza siku ngapi. Nimekaa kwenye benchi la koridoni, kushoto ukitoka mlangoni kwako. Barua hii nampa sista wa mchana. Umesema kweli kuhusu nywele zake. Ukitaka kuniona, mtume aniite. Usipotaka leo, nitakuwapo kesho, na ukinitukana nitakuitikia.

Yule bwana wa watoto wanne amepita mbele yangu sasa hivi. Muuguzi alikuwa amembebea begi. Bado hajui kwa nini wameita jina lake mapema, alinisalimia kwa furaha na mimi nikamwitikia.

Tarehe tatu siyo yako tena, dada. Aliyeitoa ni mimi, leo kabla ya adhuhuri, na sikukuuliza.

Mdogo wako.